Sisimizi na Ratiba Yetu



Muhula huu sisi wanafunzi sita wa chama cha kompyuta tuliahidi kutunga programu ya kuandikia vitabu vinavyoazimwa maktaba. Muhula umekwisha, programu haijakwisha. Wenzetu watucheka, nao wana haki.

Kosa letu halikuwa uvivu. Wawili walikaa bure wakimngoja mmoja, kwa sababu hatukupanga ipi itangulie na ipi ifuate. Kazi zilikuwa kumi. Nazo kazi kumi, zisipofungwa na sharti lolote, zaweza kufuatana kwa namna 3,628,800. Nani aweza kuzijaribu zote? Hapo ndipo yafaa kumwendea sisimizi.

Mtazameni katika migomba yetu ya Kamachumu. Apitapo huacha harufu. Njia fupi hupitwa mara nyingi, harufu yake ikazidi. Ya njia ndefu hufifia. Mwaka 1992 Marco Dorigo, huko Milano, Italia, aliigeuza tabia hiyo kuwa hesabu ya kompyuta. Sisimizi wa hesabu hujaribu mipango mingi. Mpango uokoao siku hutiwa harufu zaidi, na wanaofuata huuelekea. Mpango upatikanao si lazima uwe bora kupita yote, lakini mara nyingi hufaa. Wataalamu wameijaribu hata katika kupanga miradi ya programu.

Hata hivyo, nathubutu kusema kuwa sisimizi asingetuokoa sisi. Yeye hupanga kwa siku tunazomtajia. Mwalimu alipotuuliza, kila mmoja alijibu, "Siku mbili," kwa kuona haya. Mimi mwenyewe nilitumia wiki tatu. Tulipochelewa tuliongezewa wenzetu wanne, tukachelewa zaidi kwa kuwafundisha. Jambo hilo Frederick Brooks wa Marekani alikwisha kulionya katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Basi, wenzangu, tujifunze hesabu hiyo, lakini kwanza tujifunze kusema kweli: "Kazi hii siijui vema, nipeni siku kumi." Nanyi walimu na wazazi wetu, twawaomba msimkemee asemaye hivyo, maana akikemewa leo, kesho atasema siku mbili.

Sisi tumeomba muhula mzima ujao, na safari hii siku tumezihesabu bila haya.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne