cd Kwanza, Mbwembwe Baadaye

Wasee, leo nitaudhi watu. Kila wiki naona mtu anaposti terminali yake: rangi sita, fonti mpya, zoxide ndani. Poa. Sasa mpeleke kwa seva ya mteja, yenye hana ruhusa ya kuweka programu yoyote. Utamwona akiandika njia nzima ya folda, herufi moja moja, kama mtu anaandikia chifu barua.

Msimamo wangu ni huu: jua kutembea na cd yenyewe kwanza. Bash ilitoka 1989. Imetuzidi umri, na kwa seva nyingi za Linux utaipata inakungoja.

Chukua mfano. Mipangilio ya tovuti iko /etc/nginx/sites-available, picha ziko ~/kazi/duka/picha. Ingia ya kwanza, ingia ya pili, halafu andika cd - tu. Inakurudisha ulikotoka. Rudia, uko kule kwingine. Na hiyo njia ndefu usiiandike yote: herufi mbili tatu, bonyeza Tab, inajimalizia. cd peke yake? Hiyo inakupeleka nyumbani.

Folda zikizidi mbili, ingia na pushd badala ya cd. Inakumbuka ulikokuwa, inapanga kama sahani, ya mwisho juu. popd inakurudisha moja moja. Ukipotea, dirs -v inakuonyesha zote na namba zake.

Kwa mashine yako mwenyewe, ongeza CDPATH=.:~/kazi ndani ya ~/.bashrc. Fungua terminali upya. Sasa popote ulipo, cd duka inafika.

Ati unaokoa sekunde tu? Buda, shida si sekunde. Ukihangaika na njia, ukifika umesahau kilichokuleta. Mbaya zaidi, unafika folda isiyo yako, unapiga rm, na kazi ya mteja imeenda. rm haina pipa la kurudishia. Mtu anayejua kutembea anajua pia aliko, na bado anapiga pwd kabla ya kufuta.

zoxide ni noma, mimi naitumia. Lakini hiyo ni viatu. Miguu ni cd.

Wiki hii usiweke kitu kipya. Siku saba za cd -, Tab na pushd. Kisha kuja hapa unibishie.