Sauti za Kiwandani si Mizani ya Ala

Umeenea mtindo wa kuhukumu ala za muziki ambao yafaa tuupinge waziwazi. Mtu hupata programu ya sinthesaiza, yaani ala isiyo na ubao, nyuzi wala ngozi, bali ikaayo ndani ya kompyuta na kuunda sauti kwa hesabu. Huifungua, akapitia moja baada ya nyingine zile sauti ambazo mtengenezaji ameziweka tayari, na baada ya robo saa hutoa hukumu: hii ni ala bora, ile haifai. Sauti hizo zilizotangulia kuwekwa ndizo tutakazoziita hapa sauti za kiwandani. Dai letu ni kwamba zaweza kuitwa kutoa ushahidi, lakini hazistahili kukalia kiti cha hakimu.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lawahusu nini walimu wa Kiswahili? Latuhusu sana. Mwalimu wa lugha aghalabu ndiye huyo huyo anayetunga wimbo wa siku ya wazazi, anayesimamia kwaya na ngonjera, na anayeulizwa na mkuu wa shule fedha kidogo zilizopo zinunue nini. Zaidi ya hayo, vijana tunaowafundisha mashairi ndio wanaoyatia muziki kwa programu hizi hizi. Tukiwafundisha kupima vibaya, watanunua vibaya, na mwisho watatunga vibaya.

Tuanze na asili ya mambo. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, haikuwa na kumbukumbu yoyote. Mpigaji aliyepata sauti ya kumridhisha alilazimika kuandika karatasini mahali kilipokaa kila kifundo, la sivyo sauti ile ilipotea. Mwaka 1978 ikatoka Prophet-5, iliyoweza kuhifadhi sauti 40 na kuzirejesha kwa kubonyeza kitufe. Huo ulikuwa ukombozi kwa mpigaji wa jukwaani. Lakini hakuna masika yasiyo na mbu: ghala lililojengwa kuhifadhi kazi ya mpigaji liliweza pia kujazwa na kiwanda kabla mpigaji hajaigusa ala.

Athari zake zilionekana katika DX7, ala ambayo kampuni ya Yamaha iliitoa mwaka 1983. Iliunda sauti kwa njia iliyovumbuliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Uwezo wake ulikuwa mpana, bali mlango wa kuuingia ulikuwa mwembamba: vitufe bapa, kitelezi kimoja cha kubadili tarakimu, na kioo kidogo cha mistari miwili. Wengi hawakuwa na subira ya kupenya humo, wakabaki na sauti 32 walizozikuta. Piano yake ya umeme, yenye mlio wa kengele, ikasikika katika nyimbo nyingi za miaka ya 1980, hata ikadhaniwa kuwa DX7 ndiyo piano hiyo, wala si zaidi. Ilhali Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, alijulikana kwa kujiundia sauti zake mwenyewe katika ala hiyo hiyo. Je, ni ala iliyokuwa finyu, au ni masikio ya waliyoihukumu?

Yatupasa kufahamu sauti ya kiwandani ni kitu gani. Si kiungo cha ala. Ni orodha ya vipimo tu: wimbi lipi litumike, kichujio kifunguliwe kiasi gani, sauti ianze ghafla au taratibu, izimike lini. Fundi aliyeajiriwa hupanga vipimo hivyo, kisha huipamba sauti kwa mwangwi mrefu na kuipandisha nguvu, kwa kuwa sikio la binadamu hudanganyika kwa wepesi na kudhani kwamba kilicho na nguvu zaidi ndicho bora zaidi. Vua mwangwi huo, shusha nguvu hiyo, nawe utasikia kilichobaki. Wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na kinyume chake pia ni kweli. Ala iliyotolewa na mtu mmoja asiye na fedha za kuajiri mafundi yaweza kuwa na sauti chache zisizovutia, kumbe ndani yake mna uwezo mkubwa.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni programu iitwayo Vital, iliyoundwa na Matt Tytel na kutolewa mwaka 2020. Ilipotoka ilikuwa na daraja ya bure na madaraja ya kulipia. Daraja ya bure ilikuja na sauti 75. Ile ya juu ilikuja na zaidi ya 400. Lakini mtambo wenyewe unaounda sauti ulikuwa ni mmoja. Vichujio vile vile, hesabu zile zile. Basi anayepima kwa sauti za kiwandani atalazimika kusema kwamba Vital ya kulipia ni ala bora kuliko Vital ya bure, na huko ni kusema kwamba kitu ni bora kuliko nafsi yake! Mtu huyo hakuipima jembe. Amehesabu mihogo iliyokuwa kando yake.

Wanaoumizwa na mizani hii potofu ni wasio na kitu. Kijana mwenye kompyuta kuukuu na mfuko mtupu huambiwa kwamba ala ya bure haitoshi kwa kuwa sauti zake ni chache. Akadunduliza, akanunua rundo la sauti, na mwezi ujao rundo jingine, huku ala aliyokuwa nayo tangu mwanzo ingaliweza kumpa sauti hizo zote lau angalifundishwa kuziunda. Amegeuzwa mteja badala ya kuwa fundi.

Lipo jambo jingine linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine. Piano ya Kizungu huigawa okteva katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua huhesabiwa kuwa senti 100. Lakini amadinda ya Buganda, yenye vibao 12 na kupigwa na watu 3, huigawa okteva katika hatua 5 zinazokaribia kuwa sawa, takriban senti 240 kila moja. Hakuna vitufe vya piano vinavyoweza kuifuata. Kadhalika katika taarab ya Unguja, sauti ya 3 ya maqamu ya rast hukaa katikati ya vitufe viwili vya piano vilivyo jirani. Fidla na udi huifikia bila taabu, kinanda huikosa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwanamuziki wetu angepaswa kuliuliza mbele ya sinthesaiza ni hili: je, yakubali kutuniwa upya? Surge XT, ambayo ni ya bure, hukubali. Vital nayo hukubali. Lakini pitia sauti za kiwandani kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa kawaida hutalijua jambo hilo, kwa sababu karibu zote hupangwa kwa hatua zile 12. Sifa tunayoihitaji kuliko zote ndiyo isiyosikika kabisa katika mizani hii.

Hapo ndipo tunaposema kwamba sauti za kiwandani ni shahidi. Hutuambia mtengenezaji alimfikiria nani alipokuwa akifanya kazi. Katika orodha ya sauti 128 ambayo viwanda vilikubaliana mwaka 1991 kwa jina la General MIDI, kundi la ala zilizoitwa za kikabila lina ala 8, na ala ya Kiafrika ni moja tu, kalimba. Ushahidi huo una maana, lakini wahusu mawazo ya aliyeiandika orodha, si mipaka ya ala.

Wapinzani wetu wana hoja, na haki yatutaka tuzijibu. Husema kwanza kwamba wimbo hauulizi sauti ilitoka wapi. Ni kweli. Kinanda cha Korg M1 cha mwaka 1988 kilikuwa na sauti ya kiwandani ya ogani, na sauti hiyo ndiyo nguzo ya wimbo "Show Me Love" wa Robin S, uliovuma mwaka 1993. Hatumkatazi mtu kutumia sauti aliyoikuta ikiwa inamfaa. Tunachokataa ni kuigeuza sauti hiyo kuwa kipimo cha ala nzima. Husema pili kwamba sauti za kiwandani ni darasa, maana mwanafunzi hujifunza kwa kuzifungua na kuona zilivyoundwa. Hilo nalo twalikubali kwa mikono miwili. Lakini anayezifungua ili ajue siye tunayemsema hapa. Tunamsema anayebonyeza na kupita. Husema tatu kwamba hawana wakati. Basi na tuwape kipimo kisichozidi ile robo saa yao.

Na aanze na sauti tupu, isiyo na mwangwi wala pambo lolote. Apige noti za juu kabisa asikilize: je, wimbi labaki safi, au kwaingia milio isiyopatana na noti? Afungue na kufunga kichujio polepole: je, sauti yateleza kama maji, au yaruka ngazi kwa ngazi? Ajaribu kuunda sauti moja aliyoikusudia moyoni, kisha aangalie alitafuta vifundo kwa muda gani. Aitunie amadinda au rast. Mwisho aihifadhi, aifunge programu, aifungue tena aone kama kazi yake ingalipo. Hayo ndiyo maswali yanayoihusu ala. Baada ya hapo, na asikilize sauti za kiwandani kadiri apendavyo.

Sisi walimu hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa kuwa tunalikabili kila tusahihishapo insha. Twawajua wanafunzi wanaokariri utangulizi wa kupendeza, jua likichomoza kwa madaha na ndege wakitumbuiza, wakaubandika juu ya kila insha, iwe ya harusi au ya ajali. Hakuna mwalimu makini anayempa mwanafunzi huyo alama kwa aya ile. Husoma aya ya pili na ya tatu, mahali ambapo mwanafunzi ameachwa peke yake na lugha, kwani hapo ndipo uwezo wake unapojulikana. Ala nayo ina aya yake ya pili. Tuwafundishe vijana wetu kuisoma kabla hawajatoa hukumu, na kabla hawajatoa fedha.