Acheni kuwatumia wateja picha, tumeni PDF!

Haya wasomaji wangu, nimerudi. Nimekaa wiki tatu bila kuandika chochote kwa sababu ya kazi za watu, na nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Hiyo itangoja. Leo nina hasira na nitaitoa hapa.

Kuna kikundi cha akina mama wafanyabiashara hapa Adungosi. Wanavusha maharagwe, mahindi, sabuni, ndala na vyombo vya plastiki kupitia Busia na Malaba. Mwaka jana niliwatengenezea ukurasa mdogo wa mtandao, kwa hiyo kila kitu chenye waya au kioo kikiwasumbua, mimi ndiye huitwa. Mwaka huu waliamua kuchapisha brosha ya kuwafundisha wanachama wapya namna ya kuvuka mpaka kihalali bila kumpa dalali hela. Kurasa 8, ukubwa wa A5. Ndani yake mna mambo ambayo mtu akiyakosea anapoteza mzigo: kwamba bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha. Na kwamba kusamehewa ushuru hakukuondolei wajibu wa cheti cha afya ya mimea kama umebeba maharagwe au mahindi. Hapo kwenye jambo la pili ndipo wengi hunaswa.

Msanifu mmoja wa mjini aliifanya kazi, na sitamtaja. Alituma nini kwa mama mweka hazina ili aikague? Picha 8 kwenye WhatsApp, jina la duka lake limepitishwa kimshazari juu ya kila ukurasa. Ukurasa wa 4 uliingia kabla ya wa 3. Mama ana simu yenye kioo kilichopasuka. Alinionyesha, nikatazama nikiwa nimesimama kando ya barabara nikingoja bodaboda, nikasema, "Inaonekana sawa, mama." Akatuma kidole gumba. Kazi ikapitishwa.

Kisha msanifu akampelekea mpiga chapa faili ya Word. Kompyuta ya mpiga chapa haikuwa na fonti iliyotumika, basi Word ikaweka nyingine nene kidogo bila kumuuliza mtu. Maneno yakasukumana. Kichwa kinachosema "Lazima uwe na cheti cha afya ya mimea" kikabaki chini kabisa ya ukurasa wa 5. Orodha yake, yaani maharagwe, mahindi na mihogo, ikaangukia juu ya ukurasa wa 6, chini ya kisanduku cha kijani kilichokuwa kimekaa palepale kikisema "Hizi hupita bila cheti cha afya".

Nakala 500. Shilingi 60 kila moja. Piga hesabu mwenyewe, halafu ukumbuke kwamba pesa hizo zilitoka kwenye mchango wa kila wiki.

Mama alifungua boksi la kwanza, akasoma, akanipigia simu. "Mwanangu, maharagwe yalianza lini kupita bila karatasi?" Sikuwa na jibu. Msanifu alipoulizwa alisema, "Lakini mlikubali wenyewe." Mpiga chapa alisema, "Nimechapa nilicholetewa." Na ndugu zangu, kinachouma ni kwamba wote wawili walisema kweli! Mama alikubali picha, msanifu alikuwa na faili yake, mpiga chapa akaiona faili hiyo ikiwa imevaa fonti nyingine. Watu watatu, vitu vitatu tofauti, na kila mmoja alidhani wanazungumzia brosha moja. Siku hizi brosha zile zinafungia omena.

Hoja yangu ni hii: faili anayoikubali mteja iwe ndiyo ileile itakayoingia kwenye mashine. Ileile, haijafunguliwa na kuhifadhiwa upya njiani. Na kwa kijitabu cha kurasa nyingi, faili hiyo ni PDF.

Sisi huku mpakani tunalielewa jambo hili bila darasa. Kontena likipakiwa Mombasa hupigwa sili, na likifika Malaba afisa hukagua kama sili ni ileile. Hakuna anayesema, "Nipeni picha ya kontena, nitaamini." PDF ni kontena lenye fonti, picha, rangi na vipimo ndani yake. Faili ya Word au Publisher ni orodha ya mizigo tu: "tumia fonti fulani, kama unayo". Usipokuwa nayo, shauri yako.

Si jambo jipya hata kidogo. John Warnock wa Adobe aliandika wazo lake mwaka 1991, akaliita Camelot: hati iweze kutumwa popote, ionekane na kuchapwa vilevile kwenye mashine yoyote. PDF ikatoka mwaka 1993. Mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, kwa hiyo huhitaji kibali cha kampuni yoyote kuitengeneza. LibreOffice inatoa PDF bure. Scribus inatoa PDF bure. Word yenyewe inatoa. WhatsApp inabeba PDF tangu 2016. Kisingizio ni kipi?

Najua visingizio, nimevisikia vyote.

"Mteja hana kompyuta." Simu iliyofungua picha zako 8 itafungua PDF moja, na kurasa zitakuwa kwa mpangilio. Niliipima moja ya picha zile: piseli 1131 kwa 1600. Ukurasa wa A5 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji piseli 1748 kwa 2480. Yaani zaidi ya nusu ya piseli zilitupwa njiani, halafu unamtaka mama asome jedwali lenye herufi ndogo na akubali kwa niaba ya wanachama wote.

"Nikimpa PDF ataikimbiza Nasser Road." Hiki ndicho kisingizio cha kweli, vingine ni mapambo. Kampala si mbali, bei za Nasser Road kila mtu anazijua, na msanifu anaogopa mteja achukue kazi akachapishe huko. Hofu hiyo naielewa, nami nimewahi kudhulumiwa na mteja. Lakini tatizo lako ni bei, na unalitibu kwa kumficha mteja mali yake. Umezoea kusema "dizaini ni bure ukichapisha kwangu", halafu unalinda hiyo bure kwa picha yenye ukungu. Toza dizaini kama kazi. Chukua nusu kabla ya kuanza. Tuma PDF ya kukagua yenye picha za ubora wa chini na neno RASIMU pembeni, mahali pasipofunika maandishi. Akimaliza kulipa, mpe PDF ya kuchapisha, akachape Kampala, Bungoma au mwezini. Amelipa!

"PDF nayo inaweza kuhaririwa." Kweli. Mwenye nia mbaya ataweza. Lakini iliyojumuisha fonti zake haijibadilishi yenyewe kwa sababu kompyuta ya pili ni tofauti, na hilo ndilo lililowakuta akina mama wetu. Hapakuwa na mwizi.

"Mpiga chapa wangu anataka faili yenyewe ili arekebishe." Arekebishe nini, nani amekubali? Kuna marekebisho, yarudi kwa msanifu, itoke PDF mpya, mteja aikague tena. Sisi watengeneza programu tulijifunza hili kwa machozi: hakuna kubadilisha msimbo juu ya seva ya mteja saa tano usiku. Faili ya Publisher ni msimbo chanzo, itunze nyumbani kwako. Na kama bado unategemea Publisher, ujue Microsoft ilitangaza kwamba msaada wake unakoma Oktoba 2026. Mteja ambaye miaka yote umempa faili za Publisher pekee, siku hiyo utamwambia nini?

Basi nisiwe mtu wa kulalamika tu. Mimi sasa nafanya hivi:

1. Faili moja, kurasa zote, kwa mpangilio wa kusoma. Ukurasa wa 8 kukaa kando ya wa 1 ni kazi ya mashine wakati wa kuchapa. Ukimtumia mteja mpangilio wa mashine atachanganyikiwa, na atakuwa na haki.

2. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4 kama kijitabu kitakunjwa na kupigwa pini.

3. Fonti zote ziwe ndani. Kwenye Linux andika `pdffonts brosha.pdf`, safu ya `emb` iseme `yes` kila mstari. Mwenye Adobe Reader aangalie sifa za faili, sehemu ya fonti.

4. Kama rangi inafika ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Muulize mpiga chapa kabla ya kuanza, usingoje kumaliza.

5. Kwenye WhatsApp tuma kama hati, si kama picha.

6. Jina la faili liwe na tarehe na namba ya toleo. "Brosha final mwisho kabisa 2" si jina.

7. Kabla ya kukubali, chapisha nakala moja saiba. Kurasa 8 za A5 ni karatasi 2 tu za A4 pande zote mbili. Ikunje, mpe mtu ambaye hakuiandika aisome yote, kisha mteja atie sahihi juu ya karatasi hiyo.

Hiyo namba 7 ingegharimu chini ya shilingi mia moja. Nami ningeweza kuipendekeza siku ile badala ya kusema "inaonekana sawa" nikingoja boda. Sehemu yangu ya lawama naibeba, na nimewaambia akina mama hivyo kwenye mkutano wao.

Brosha tumeifanya upya kwenye Scribus, bila malipo. Wiki iliyopita mama mweka hazina alikaa na nakala ya saiba na kalamu nyekundu, akapata makosa mawili ambayo mimi na msanifu hatukuyaona kamwe: namba moja ya simu ya kikundi, na neno "mihogo" lililoandikwa "mihongo". Kwenye picha ya simu asingeyaona.

Wasanifu wa Malaba na Busia, najua mnasoma hapa na najua mtakuja juu. Njooni. Mwenye sababu moja nzuri ya kumtumia mteja picha 8 za kijitabu aiweke hapo chini kwenye maoni, nami nitaijibu. Ile hifadhidata ni wiki ijayo, safari hii kweli.