Aplikasiyo yetu ya ujumbe: tuanze na siku yenye rezo itakatwa



Vijana wenye wanasoma informatike hapa Lubumbashi walituletea mradi wao. Wanataka kutengeneza aplikasiyo ya kutumiana ujumbe kwa simu, ya Wakongomani wenyewe, kwa lugha zetu. Tulifurahi sana. Walituonyesha ekrani moja moja: rangi nzuri, sehemu ya sauti, sehemu ya video, mpaka na vipicha vya kuchekesha. Kisha mama mmoja mwenye alikuwa amekaa nyuma akauliza: "Na wakikata rezo?" Wote tukanyamaza.

Kwetu sisi, kazi inapaswa kuanza na ulizo la huyu mama. Rangi itakuja nyuma.

Hatujasahau. Mwezi wa kwanza 2015, wakati watu waliandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa, na SMS pia. Mwezi wa kumi na mbili 2016, wakati muhula wa rais ulikuwa unaisha, mitandao ya kijamii ilifungwa. Tarehe 31/12/2017, siku ya maandamano ya walei wakatoliki, tena giza. Na kesho yake ya uchaguzi wa tarehe 30/12/2018 walikata tena, karibu siku 20, mpaka Korti ya Katiba ilipotangaza matokeo. Siku hizo ndizo tulihitaji simu kuliko siku zote: kujua nani amepigwa, nani hajarudi nyumbani, kituo gani cha kura kimebandika karatasi ya matokeo.

Sasa angalieni namna aplikasiyo nyingi zinafanya kazi. Ukituma neno kwa jirani yako wa Katuba, neno linatoka kwenye simu yako, linaenda kwenye mashine kubwa ya mbali, mara nyingi ng'ambo, kisha linarudi Katuba. Wakikata njia hiyo, jirani wa mita 5 anakuwa mbali kama mtu wa Ulaya. Tena nyingi zinaomba namba ya simu, na zinakutumia kode kwa SMS ili kukufungulia. Wakikata SMS, mwenye alingoja siku ile ili aiweke amechelewa.

Kuna njia ingine. Simu mbili zinaweza kusemeshana zenyewe kwa Bluetooth ao kwa Wi-Fi, bila mega. Briar inafanya hivyo: haiombi namba ya simu, inaomba neno la siri la kuingia, na unaweza kuipatia mwenzako kutoka simu yako hata kama intaneti haiko. Lakini tusidanganyane. Bluetooth inafika mita chache tu, na Briar inakula betri, juu inakaa macho kila wakati. Mahali kuran inapotea siku mbili na shariji inalipwa kwenye kibanda, hiyo si kitu kidogo.

Vijana wetu walisema pia wataandika wenyewe namna ya kufunga ujumbe kwa funguo, ili mtu wa kati asiusome. Hapo tunakataa. Bridgefy ilijulikana sana kwenye maandamano ya Hong Kong mwaka 2019, sababu ilitumia Bluetooth. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, walionyesha kwamba mtu angeweza kusoma ujumbe wa wengine, kufuata wanaoitumia, na kuangusha rezo yote kwa ujumbe moja tu. Watu walikuwa wameiamini barabarani. Watengenezaji wake wakahamia kwenye kufuli ya Signal, yenye kode yake iko wazi na wataalamu wengi wameichunguza. Kutengeneza kufuli yako peke yako ni majivuno, na mwenye kulipa ni mwenye kukamatwa.

Na hata kufuli nzuri haitoshi. Mwenzetu mmoja alikamatwa, wakamulazimisha kufungua simu. Ndani ya saa moja walikuwa na majina ya watu wote wa grupu yake. Njiani hakuna mtu aliiba ujumbe hata moja. Mlango ulifunguliwa kwa simu yenyewe. Kwa hiyo tunataka ujumbe wenye kujifuta, majina ya kujichagulia, na neno la siri la aplikasiyo lisilofanana na lile la simu.

Basi tunawaomba vijana wetu: chukueni kode yenye iko wazi tayari, muitie Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, muifanye nyepesi kwa simu za Android za zamani. Sauti fupi, ndiyo, juu mama zetu wengi wa sokoni wanapenda kusema kuliko kuandika. Video inaweza kungoja. Na kode mutakayoandika iwekwe mahali kila mtu anaweza kuichunguza, hata mwenye hatupendi.

Siku ya posho tutajaribu na zile zenye ziko: rezo na mega zimezimwa, ujumbe moja kutoka Katuba mpaka Kamalondo, ukipita simu kwa simu, na watu wenye wanatembea kwa miguu. Mukuje na simu yenu ya kila siku, hata yenye ekrani imepasuka. Saa ngapi ilifika, ao kama haikufika, tutaandika hapa.