Tusinunue sabuni kwa pua



Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, angre na mihogo. Leo tunaandika juu ya sabuni ya unga, ile yenye hapa kwetu tunaiita Omo hata kama kwenye pakiti kumeandikwa jina lingine. Msicheke. Hesabuni franga zinazotoka nyumbani kila wiki, mtaona sabuni ni kati ya vitu vinavyokula pesa kimyakimya.

Mawazo yetu ni haya: koperative inapashwa kuchagua sabuni sawa inavyochagua mbegu. Mbegu mpya ya mahindi hatuiamini mpaka tuipande kando ya ile ya zamani. Kwenye mfuko wa angre tunasoma nambari. Lakini tukifika dukani Likasi, tunanusa sabuni, tunauliza kama inatoa povu, tunalipa. Huko ni kununua kwa pua.

Sisi maagronome pia tumefanya kosa hilo. Msimu uliopita tulinunua mfuko mkubwa kwa sababu bei ilikuwa chini na harufu ilikuwa nzuri. Unga ule uligandamana kama mawe, ukachoma mikono, na makoti yetu ya kazi yakabaki na alama za udongo. Hatukuujaribu hata kidogo mbele ya kulipa.

Wamama wengi wanatuambia: "Omo yenye haitoe povu, ile haina Omo." Tunawaheshimu, wao njo wanafula. Lakini si povu inayoondoa uchafu. Kinachoondoa ni dawa yenye iko ndani ya unga: upande mmoja inashika mafuta, upande mwingine inashika maji, halafu uchafu unaondoka na maji. Kiwanda kinaweza kutengeneza unga wa povu kidogo unaofula vizuri, na unga wa povu nyingi unaofula vibaya. Tena povu nyingi inadai maji mengi ya kusuuza. Kama bidoni ya litre 20 inatoka mbali, kichwani kwa mtoto mwenye angepashwa kuwa masomoni, basi sabuni inayodai bidoni mbili zaidi haina bei chini.

Kuna tena jambo la maji yenyewe. Upande wetu uko na mawe mengi ya chokaa. Pale Kakontwe, karibu na Likasi, yanachimbwa. Maji yakipita ndani ya mawe hayo yanabeba chokaa, yanakuwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu inafanya utando unaobaki kwenye nguo, na nguo nyeupe inageuka rangi ya majivu. Unga mzuri uko na soda na vitu vingine vinavyozuia chokaa, njo maana kwenye maji magumu mara nyingi unafula kupita kipande.

Mtajuaje maji yenu? Chukueni chupa mbili safi. Moja tieni maji ya kisima, nyingine maji ya mvua. Katika kila moja wekeni kipande kidogo cha sabuni ya kawaida, kiasi kilekile, mtikise. Kama ya kisima inafanya maziwamaziwa na povu kidogo kuliko ya mvua, kisima chenu kina maji magumu. Basi wakati wa mvua kingeni maji ya mabati mfulie. Sabuni kidogo itatosha.

Sasa bei. Tuseme pakiti ndogo ya gramu 30 ni franga 300, na kilo moja ya sabuni ileile ni franga 5.000. Kwenye pakiti gramu moja ni franga 10, kwenye kilo ni franga 5. Mwenye kununua pakiti kila siku analipa mara mbili. Si kwa kukosa akili. Ni kwa kukosa franga 5.000 siku moja. Hapo koperative ina kazi: kuchanga, kununua mfuko, kugawa kwa mizani.

Lakini uzito peke yake unaweza kudanganya. Ndani ya unga kunatiwa chumvi ya kujaza, yenye haifule. Karibu viwanda vyote vinaitia, ila kuna wanaoitia nyingi mno. Macho hayaoni hiyo, kitambaa kitaonyesha.

Kateni shuka moja ya zamani vipande vitatu. Kila kipande kipakeni udongo mwekundu na mawese, kiasi kimoja, mwache vikauke. Leteni sabuni tatu. Pimeni uzito mmoja, maji mamoja, loweshani nusu saa, fikicheni mara 20, suuzeni, anikeni. Mtu mwenye hajui sabuni ipi ilifula kipi njo aamue. Halafu rudilieni kwa nusu ya kiasi. Sabuni yenye inafula vizuri hata kwa nusu, hata ikiwa bei yake iko juu kidogo, inaweza kuwa ya bei chini kupita zote.

Nguo za shamba zina sheria yao. Mwenye kupiga dawa ya viwavi afule nguo zake siku ileile, peke yake, mbali na nguo za watoto, akiwa na glavu. Afule mara mbili, halafu beseni ifulwe pia. Unga wa koperative usiwekwe hata siku moja ndani ya bidoni yenye ilikuwa na dawa.

Na kwa sisi wa Shinkolobwe, vumbi la mgodi tusilichukue kama vumbi la njia. Uraniumu ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, kwa sehemu kubwa ilitoka hapa, na mwaka 2004 amri ya Rais ilikataza kuchimba. Nguo yenye vumbi hilo isikung'utwe ndani ya nyumba. Ilowanishwe kwanza, ifulwe peke yake, na si kwa maji ya mashimo. Sabuni inaondoa vumbi kwenye nguo, lakini haiui sumu yake. Asiwepo mtu wa kuwauzia Omo kama kinga.

Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi msiyamwage kwenye lengalenga wala kwenye mto. Soda inaharibu udongo, unakuwa mgumu. Chimbeni shimo lenye mchanga na mawe, mbali na kisima. Maji ya mwisho ya kusuuza yanaweza kwenda kwenye migomba.

Kwa mkutano unaokuja, kila kikundi kilete sabuni yake na kitambaa chake. Tutaleta mizani. Wamama waamue, sisi tutaandika matokeo.