Kisu cha mfukoni kiwe cha kazi, si cha kujilinda

Katika masoko ya Goma, Bukavu na Uvira, kisu cha kukunja kinauzwa juu ya meza moja na tochi, chaja za simu na betri za redio. Muuzaji haulizi mtu anakipeleka wapi. Lakini ukisimama pale kidogo utasikia wanunuzi wenyewe wakisema: hiki ni cha usiku. Maana yake si cha kumenya muwa. Ni cha kutembea nacho kwa sababu ya wezi.

Hofu hiyo ina msingi, na hatuna haki ya kuicheka. Mwisho wa Januari 2025, siku ambazo M23 waliingia Goma, maelfu ya wafungwa walitoroka gereza la Munzenze, na bunduki nyingi zikabaki mikononi mwa watu wasiojulikana. Bukavu ilifuata katikati ya Februari. Tangu hapo wakaaji wa kartiye nyingi wanalala sikio moja likiwa wazi. Kijana anayefunga duka lake saa mbili za usiku na kurudi nyumbani kwa miguu ana haki ya kuuliza atajilinda na nini.

Jibu letu ni kwamba asijilinde na kisu. Kisu ni chombo kizuri, na anayejua kukichagua kitamtumikia miaka mingi. Ila kile kinachouzwa kwa jina la kujilinda kinamletea mwenyewe hatari kuliko kinavyomletea mwizi.

Tuangalie mambo yanavyopita barabarani. Mwizi mwenye bunduki anataka simu na makuta. Ukimpa, mara mingi anaondoka. Ukimtolea kisu, umempa sababu ya kufyatua, na risasi haingoji umkaribie. Mwizi asiye na bunduki naye anakushtukiza kwa nyuma, au wako watatu. Kisu cha kukunja kinakaa ndani ya mfuko, mara mingi kinataka mikono miwili kufunguliwa, na mikono hiyo inatetemeka. Kisipokuwa na kufuli, ukichoma nacho kitu kigumu bapa linarudi juu ya vidole vyako mwenyewe. Na wakikunyang'anya, wao ndio wenye kisu sasa.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kisu kinachotembea mfukoni kila siku hakimngoji mwizi peke yake. Kinakuwepo jioni ya michopo na kasiksi, kinakuwepo kwenye ugomvi wa deni, wa mwanamke, wa mpaka wa parsele. Anayechomwa ni rafiki, ni shemeji, ni jirani wa upande wa pili wa ua. Ngumi ingeacha jicho limevimba, na kesho yake wazee wangewapatanisha. Kisu kikikata mshipa mkubwa wa paja, mtu anaweza kumaliza damu kwa dakika chache, kabla hata motari hajapatikana.

Sheria nayo watu wengi wanaielewa vibaya. Utasikia mtu anasema: akinishambulia nikamchoma, ni kujilinda, hakuna kesi. Kitabu cha sheria za adhabu cha Kongo, kile cha tarehe 30 Januari 1940 ambacho kimerekebishwa mara nyingi, hakina kifungu kinachoandika wazi haki hiyo ya kujilinda. Majaji wanaikubali kama kanuni ya jumla ya sheria, lakini kwa masharti. Shambulio sherti liwe linatokea wakati uleule, liwe halina haki, na jibu lako lilingane nalo. Mtu aliyekupiga kofi, au aliyekwisha kukimbia na simu yako akiwa amekupa mgongo, ukimchoma huwezi kusema ulikuwa unajilinda.

Na adhabu zinapanda haraka. Kumjeruhi mtu kwa kusudi, kifungu cha 46 kinasema siku 8 mpaka miezi 6 gerezani. Ukiwa ulipanga mapema, mwezi 1 mpaka miaka 2. Akipoteza kiungo au akipata ulemavu mkubwa, kifungu cha 47 kinapandisha mpaka miaka 5. Akifa ingawa hukukusudia kumuua, kifungu cha 48 kinasema miaka 5 mpaka 20. Ukikusudia kuua, ni maisha yote chini ya kifungu cha 44, na ikionekana ulipanga, kifungu cha 45 kinataja kifo. Sasa fikiri mbele ya parketi: kisu ulikinunua lini, na kwa nini ulikuwa nacho kwenye bare? Aliyezoea kuwaambia wenzake kwamba kisu chake kinamngoja mtu fulani, amekwisha kuandaa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Tusisahau pia kwamba mwezi wa Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kunyonga lililokuwepo tangu 2003, na waliotajwa, pamoja na wasaliti wa nchi, ni majambazi wa mijini wanaosababisha vifo.

Mtu atasema: fasi zingine leo korti hazifanyi kazi. Ndiyo. Huko hesabu inafanywa na ndugu wa marehemu, au na umati wenye mawe na petroli, na umati hausomi vifungu.

Basi kisu kinunuliwe kwa kazi, na kazi ndiyo ichague kisu. Hapa tungependa msomaji atumie muda kuliko anavyotumia kutazama video za vijana wa Ulaya wanaorusha visu hewani.

Kwa mtu wa mjini, kazi ni ndogo ndogo: kukata kamba ya mzigo, kufungua gunia, kumenya chungwa, kuchuna waya. Bapa la sentimita 7 mpaka 9 linatosha kabisa. Kisu cha Kifaransa cha Opinel namba 8, ambacho watu wa diaspora wanapenda kuleta kama zawadi, kina bapa la sentimita 8 na nusu na mpini wa mbao. Tangu 1955 kampuni hiyo inaweka ringi inayozungushwa ili bapa lisijifunge. Kile chekundu cha Uswisi, Victorinox, kimejulikana tangu 1897, na faida yake haiko katika bapa bali katika mkasi, bisibisi na kifungua kopo. Kwa fundi wa simu au mwalimu, hicho ndicho kisu chenye akili zaidi. Vya kuiga vimejaa sokoni. Fungua kila chombo mara tano mbele ya muuzaji. Kinacholegea leo kitaanguka mwezi ujao.

Kuna kisu kingine ambacho sisi Wakongomani tunapaswa kujua historia yake, sababu kimechukua jina la mnyama wetu. Okapi anaishi katika misitu ya Kongo tu, na wanasayansi wa Ulaya walimtambua mwaka 1901. Mwaka 1902, huko Ujerumani, kikaanza kutengenezwa kisu cha kukunja chenye jina Okapi, cha bei nafuu, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika. Baadaye, mwaka 1988, utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Ni kisu cha mpini wa mbao na chuma cha kaboni, kazi yake shamba na jiko. Lakini huko Afrika Kusini, na hata Jamaika, kilipata sifa ya kisu cha magenge, na mpaka leo mtu akikitaja wazee wanakunja uso. Mnyama mpole wa Epulu, jina lake likawa la kutishia watu vichochoroni. Kisu chenyewe hakikubadilika.

Kuhusu chuma, kuna aina mbili za kujua. Chuma cha kaboni kinanoleka kwa urahisi na kinakata sana, lakini kinashika kutu. Ukimenya nacho ndizi mbichi au ndimu kinageuka cheusi, na katika mvua za Bukavu sherti kikaushwe kila mara. Inoksi haiogopi maji, ila ya bei rahisi inapoteza makali upesi na inachosha kunoa. Neno inoksi kuchorwa juu ya bapa halithibitishi kitu. Mashine ya kuchora ni rahisi kuliko chuma kizuri. Kwa mama anayekata sombe na kusafisha samaki kila siku, inoksi ya kadiri inafaa. Kwa mtu wa shamba, kaboni.

Anayekwenda msituni au shambani aache kabisa kisu cha kukunja kiwe cha pili. Cha kwanza kiwe kisichokunjwa, bapa la sentimita 10 hivi, chuma chake kikipita ndani ya mpini mpaka mwisho. Kiangalie kwa nyuma: ukiona chuma au misumari miwili mitatu iliyopigwa vizuri, ni dalili njema. Vile visu vikubwa vya sinema ya Rambo, vyenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wenye tundu la kuficha kiberiti, uviache. Katika vile vya bei rahisi bapa linashikiliwa na kipande kifupi cha skrubu, na linang'oka siku unapolihitaji. Wahunzi wetu wanaopiga mapanga kwa resori za magari makuukuu wanatoa kazi ya kweli kuliko hiyo, na ukirudi na mpini uliovunjika mhunzi anakutengenezea palepale.

Kuhusu panga, neno moja. Katika jimbo letu mkulima anapita barieri nyingi, na panga mkononi lina maswali yake. Lifunge ndani ya kitambaa au gunia, makali chini, pamoja na jembe. Siyo woga; anayeliona ajue mara moja unatoka shamba.

Kisu butu kinajeruhi kuliko kikali, sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Wengi wananoa juu ya sementi ya mlango, na makali yanapinda. Tafuta jiwe laini, lilowanishe, ulaze kisu karibu na jiwe: kama pembe ya ukuta ni 90, gawa mara mbili, kiisha gawa tena mara mbili, hapo ndipo makali yanapokaa. Usipokuwa na jiwe, geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri ajabu. Maliza juu ya mkanda wa ngozi. Usipake mawese kuzuia kutu, yanaganda na kunata. Tone la mafuta ya cherehani linatosha, na ulipanguse kabla ya kukata chakula.

Na kwa ile njia ya saa mbili za usiku? Tochi yenye mwanga mkali, inayoshikwa mkononi na si ya simu, sababu simu ndiyo inayotafutwa. Filimbi shingoni. Kutembea watatu wanne wa avenue moja, mkiwa mmepatana saa ya kufunga maduka. Motari mnayemfahamu kwa jina na namba. Kartiye ambazo watu wanapiga sufuria na filimbi wakisikia wezi, wezi wamejifunza kuziepuka. Zile ambazo kila mtu amejifungia na kisu chake chini ya mto, wanaingia nyumba moja moja.

Mtu akichomwa mbele yako, bapa likiwa bado ndani usilitoe, maana ndilo linaloziba. Lizungushie vitambaa lisitikisike. Likiwa limekwisha kutoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa na mikono yote miwili, usifungue kila mara kuangalia, na mtu mwingine atafute gari. Pesa zitajadiliwa hospitalini.

Wenye bare nao wana kazi, na haihitaji amri ya meya. Kisanduku nyuma ya kontwari, kikaratasi chenye namba, kisu kinaachwa pale wakati wa kuingia na mwenyewe anakichukua akitoka. Seremala, mchinjaji na mtu wa shamba hawatakasirika, maana kesho asubuhi wanakihitaji kikiwa safi. Atakayegoma kukiacha, mwenye bare ajue amekuja kwa shughuli gani, na asimuuzie chupa.