Usiniambie Ualimu Ni Wito

Hebu tuanze na swali. Ukisikia kuna kijana Nakuru alipata B- kwa KCSE, chuo kikuu kikawa wazi kwake, halafu akachagua mwenyewe kwenda chuo cha walimu wa shule ya msingi, utasema nini? Sema ukweli. Utasema amerogwa, ama kwao pesa imeisha.

Huyo kijana ni mimi.

Wengi wenu mnanijua kwa zile video za makanga na majirani wa ploti. Leo sichekeshi mtu. Leo nimekasirika, na nimeamua kuandika ili nikasirike vizuri.

Siku nilipopata nafasi ya chuo, mama alikuwa Soko la Wakulima na magunia yake ya viazi vya Molo. Alikuwa ameshawaambia wateja kwamba kijana wake atakuwa injinia. Alisoma ujumbe kwa simu yangu, akanyamaza, kisha akauliza, "Ni alama zilikataa, ama ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Mjomba hakuwa mpole hivyo. "Mwanaume mzima, uende kuimba a-e-i-o-u na watoto wenye kamasi?" Wasee wa mtaa nao wakanibatiza Tichaa, na wakiliita hilo jina unasikia kabisa ni matusi.

Hao nimewazoea. Kundi linaloniudhi zaidi ni lile la pili, la wale wanaonisifu. "Hongera kijana, ualimu ni wito." "Usijali mshahara, walimu hulipwa mbinguni." Wanasema wakitabasamu, wananishika bega, na wanamaanisha mazuri. Lakini sikiliza vizuri. Mjomba anasema ualimu ni kazi ya waliokosa kazi nyingine, kwa hivyo ukilipwa kidogo, shukuru. Wa wito wanasema ualimu ni kazi takatifu, kwa hivyo ukilipwa kidogo, shukuru. Mmoja ananidharau, mwingine ananiheshimu, na wote wawili wananikabidhi payslipi ile ile.

Kwanza tumalizane na wa mjomba, wale wanaosema ni kazi rahisi.

Muhula uliopita nilikuwa kwa mazoezi ya kufundisha, shule moja ya umma nje ya mji. Sitaitaja. Gredi ya pili, watoto 74, chumba kimoja. Kulikuwa na kijana, tumwite Kevo. Mtulivu, hasumbui, daftari safi. Siku moja nikamwambia asome. Kwenye ukurasa kuna picha ya jogoo amesimama juu ya ua, na chini imeandikwa: "Kuku wetu amepanda juu." Kevo akasoma bila kusita, "Jogoo wetu amepanda juu." Wenzake wakaendelea na mambo yao. Hata mimi nusura niendelee. Kisha nikafunika picha kwa kiganja nikamwambia arudie. Akanyamaza. Akaangalia kiganja changu kama mtu aliyefungiwa mlango.

Kevo alikuwa hasomi. Alikuwa anasikiliza wenzake, anashika kiasi, yanayobaki anayajaza kwa picha. Miaka miwili darasani na hakuna aliyegundua, kwa sababu mtoto mwenye akili ya kuficha namna hiyo hawezi kuonekana katikati ya watoto 74. Nikaokota vifuniko vya soda, nikaandika silabi juu yake, tukawa tunakaa naye dakika kumi kila mapumziko. Ndipo nikaona shida iko wapi: anachanganya b na d. Kwake yeye "baba" na "dada" ni neno moja. Hebu fikiria kuishi kwa lugha ambayo baba na dada huwezi kuwatofautisha kwa macho, halafu kila mtu anakuambia soma haraka.

Wiki ya sita, tukitoka getini, akanivuta shati. Akanyoosha kidole kwa kibanda cha ng'ambo. "Tichaa, pale wameandika duka."

Sasa niambieni, kuna nini rahisi hapo? Daktari wako, wakili wako, yule msee wa kodi za kompyuta unayemtamani, wote walipita kwa mtu aliyewaonyesha tofauti ya b na d. Kama mtu huyo angekuwa amechoka siku hiyo, ama angekuwa ni yule "aliyekosa kazi nyingine" mnayesema mnatosheka naye, leo tungekuwa tunaongea mengine. Kwa nini kazi inayobeba kazi zote nyingine ndiyo mnataka ifanywe na aliyebaki?

Na serikali yenyewe inajua si rahisi. Ile cheti ya P1 ya zamani iliondolewa, na tangu 2021 mwalimu mpya wa msingi anasoma diploma ya miaka mitatu. Sawa, nakubali, tusome zaidi. Lakini mtu akiongezewa masomo si aongezewe pia thamani? Hapa ndipo tunafika kwa wale wa wito.

Nikimaliza chuo na kusajiliwa na TSC, sina hakika ya kuajiriwa. Kuna walimu waliomaliza miaka mingi iliyopita na bado wanafundisha kwa pesa za wazazi, ama wanaendesha boda. Nikibahatika, naweza kuitwa kama mwanagenzi. Mwanagenzi wa shule ya msingi amekuwa akipewa shilingi 15,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: mia tano, kabla hujakatwa chochote. Toa kodi ya nyumba, toa nauli ya kutoka Kaptembwo kwenda na kurudi, nunua unga, halafu uingie darasani ukiwa na subira ya kutafuta ni nani kati ya 74 anayesoma picha.

Kuna mtu atasema, "Lakini mwanagenzi anajifunza kazi, hata madaktari huanza hivyo." Hapana. Daktari mwanagenzi anafanya hivyo ili apate usajili kamili. Mwalimu anaitwa mwanagenzi baada ya kuwa na usajili. Ameshasoma, ameshafanya mazoezi, ameshapimwa, ameshapewa namba ya TSC, na darasa ni lake peke yake kuanzia asubuhi. Anajifunza nini tena, kufunga mkanda? Aprili 2024, kwenye kesi ya walimu wanagenzi wa sekondari msingi, Mahakama ya Ajira ilisema TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu kwa njia hiyo. Mwezi uliofuata wenzao walikuwa barabarani na mabango. Baadaye wengi wakathibitishwa kazini, kisha wengine wapya wakaitwa kwa mtindo ule ule. Kwa hivyo msiniambie ni bahati mbaya. Hii ni mazoea, na mazoea haya yanaishi kwa sababu sisi wenyewe tumekubali neno "wito" lifanye kazi ya mshahara.

Angalieni tulivyomfanyia Bruda Peter Tabichi. Machi 2019, huko Dubai, mwalimu kutoka shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, hapa hapa Njoro, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani. Dola milioni moja. Nilikuwa shule ya msingi bado, na tulishangilia kama Gor wamechukua kombe. Kila mahali watu walirudia jambo moja: kwamba alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Mimi namheshimu mtu huyo mpaka leo. Ni mtawa, alichagua kuishi hivyo, na ni haki yake.

Lakini mbona hatukuuliza swali la pili? Mbona hakuna aliyesimama kusema: kama watoto wa Njoro wanahitaji mshahara wa mwalimu ili wakae shuleni, basi kuna mtu mwingine ambaye hajafanya kazi yake? Tulichukua sadaka ya mtu mmoja tukaifanya kipimo cha walimu wote. Ukidai haki yako, unaambiwa, "Tabichi hakulalamika." Mtu aliyeapa kuishi bila mali tumemfanya fimbo ya kumchapa mwalimu mwenye watoto watatu na deni la duka.

Sikatai kwamba kuna walimu wabaya. Wapo, na mimi mwenyewe mmoja alinifanya nichukie hesabu miaka minne. Wala sikatai kwamba naipenda hii kazi. Naipenda vibaya sana. Siku Kevo alisoma "duka" nilienda kwa choo cha walimu nikalia, na mkicheka ni shauri yenu. Ndiyo maana nimekasirika. Mapenzi yangu kwa kazi ni yangu. Si pesa ya mtu mwingine kubana.

Na kama hazina haina pesa, semeni hazina haina pesa. Hilo tunaweza kulijadili kama watu wazima, tukiangalia pesa zimeenda wapi. Msiniletee mbingu kwa mazungumzo ya bajeti.

Sasa nyinyi mnaosoma hii, wengi wenu mtapiga kura mara ya kwanza Agosti 2027. Watakuja hapa na lori na spika, na watasema wanawapenda walimu. Usipige makofi bado. Uliza walimu wangapi wa msingi wataajiriwa kwa masharti ya kudumu, lini, na kwa pesa ya kifungu gani. Akijibu kwa neno "wito," geuka uende zako.

Na ukikutana nami mtaani, endelea kuniita Tichaa. Ila sema vizuri, jinsi Kevo anavyosema.